Kiolesura kinachojirekebisha kwenye uhalisia pepe na uhalisia ulioongezwa: dalili, visababishi na matengenezo

Kiolesura kinachojirekebisha (menyu, paneli na vitufe anavyoviona mtumiaji wa uhalisia pepe, VR, au uhalisia ulioongezwa, AR) hubadilisha ukubwa, mahali, rangi au namna ya kuguswa kwa kufuata hali ya mtumiaji: yuko umbali gani, anatazama wapi, mikono yake iko huru au ina kazi, mwanga ni mkali kiasi gani. Kikifanya kazi vizuri hakuna anayekitambua. Kikiharibika, malalamiko huja kwa maneno ya kawaida: menyu inacheza, kitufe kimenikimbia, macho yananiuma. Mwongozo huu umepangwa kwa malalamiko hayo. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi ndicho kimetangulia, na ukaguzi mwepesi umewekwa kabla ya matengenezo mazito.

Kabla ya yote: gandisha mabadiliko

Weka kwenye programu swichi moja inayozima kanuni zote za kujirekebisha na kuacha kiolesura katika hali yake ya msingi. Rudia tatizo kanuni zikiwa zimezimwa. Likitoweka, kosa liko kwenye kanuni au kwenye ishara zinazozilisha kanuni hizo. Likibaki, kosa liko kwenye uchoraji, kwenye ufuatiliaji wa mwendo au kwenye kifaa chenyewe. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na ndilo linaloamua utafute upande gani. Kama programu yako haina swichi hiyo, iongeze kwanza. Bila hiyo utakuwa unabahatisha.

Mambo mengine matatu ya awali:

- Onyesha thamani ghafi ndani ya miwani: umbali hadi paneli, pembe ya kichwa, kiwango cha mwanga, muda wa fremu (picha moja kati ya zinazofuatana), na jina la kanuni iliyofanya kazi mwisho pamoja na saa yake. Usipoona ishara inayoingia huwezi kuihukumu kanuni.
- Jaribu kwenye kifaa halisi. Kiigaji cha kompyuta hakina mtikisiko wa kichwa, hakina lenzi, na mikono yake huonekana daima. Makosa mengi yaliyomo humu hayaonekani kabisa kwenye kiigaji.
- Futa lenzi na kamera za nje kwa kitambaa laini kikavu, kaza mikanda, kisha rekebisha umbali kati ya lenzi ulingane na umbali kati ya mboni za mvaaji. Kwa watu wazima wastani ni takribani milimita 63, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa.

Dalili ya 1: Paneli inabadilika huku na huku bila kutulia

Mtumiaji amesimama palepale, lakini maandishi yanakua, yanapungua, kisha yanakua tena. Wakati mwingine ni vitufe vinavyojitokeza na kufichika.

*Kizingiti kimoja.* Hiki ndicho kisababishi cha kwanza kukitafuta. Kanuni inasema: zaidi ya mita 1.2 onyesha mpangilio wa mbali, chini ya hapo onyesha wa karibu. Kichwa cha mtu aliyesimama huyumba kidogo muda wote. Akisimama kwenye mita 1.2, kila myumbo unavuka mpaka na kanuni inageuka. Weka vizingiti viwili: nenda kwenye mpangilio wa mbali akivuka mita 1.4, rudi kwenye wa karibu akishuka chini ya mita 1.1, na kati ya hapo acha kilichopo kiendelee. Upana wa pengo usiukisie. Mwombe mtu asimame asome paneli kwa sekunde 10, rekodi umbali katika kila fremu, kisha toa thamani ndogo kabisa kwenye kubwa kabisa. Pengo liwe angalau mara tatu ya tofauti hiyo. Juu yake ongeza muda wa kusubiri wa milisekunde 300: hali mpya idumu kiasi hicho kabla kanuni haijaikubali.

*Ishara ghafi isiyochujwa.* Mwelekeo wa macho na ncha za vidole hutetemeka zaidi kuliko mahali pa kichwa. Wengi hukimbilia wastani wa fremu 20 zilizopita. Hapo mtetemo unaisha, lakini kwa Hz 72, yaani fremu 72 kwa sekunde, wastani huo unaleta ucheleweshaji wa takribani milisekunde 130, na mkono unaanza kuonekana mzito. Kichujio kinachofaa hapa ni One Euro, kilichochapishwa mwaka 2012, kwa sababu huchuja sana mwendo ukiwa wa polepole na huachia mwendo ukiwa wa kasi. Kukipima kuna utaratibu wake, na mpangilio wa hatua ni muhimu:

1. Weka beta (thamani inayolegeza uchujaji kasi inapoongezeka) iwe 0, na masafa ya chini ya kukata (thamani inayoamua uchujaji wa mwendo wa polepole) yawe Hz 1.
2. Tuliza mkono au kichwa. Punguza masafa hayo kidogo kidogo hadi mtetemo usionekane.
3. Sasa sogea kwa kasi. Ongeza beta hadi ucheleweshaji uishe.
4. Rudi kwenye kutulia uhakikishe mtetemo haujarejea.

Anayeanza na beta hujikuta anazunguka bila mwisho, kwa sababu thamani hizo mbili hufichana.

*Kanuni inayojilisha yenyewe.* Hili halionekani kwa urahisi. Chukua paneli inayokua mtu akiwa mbali. Ikikua, ukingo wake unagusa ukuta, na kanuni ya kuepuka migongano inaisogeza mbele kuelekea kwa mtu. Umbali umepungua, hivyo paneli inapungua. Haigusi ukuta tena, inarudi nyuma, umbali unaongezeka, inakua. Mzunguko huo hauishi, na kuongeza pengo la vizingiti kutaupunguza mwendo tu. Dawa ni kupima umbali hadi kwenye nanga, yaani nukta isiyosogezwa na kanuni yoyote ya kiolesura, wala si hadi kwenye paneli yenyewe. Kagua kila kanuni kwa swali moja: je, matokeo yake yanabadilisha ishara inayoisoma?

*Kanuni mbili zinazogombea sifa moja.* Kanuni ya mwanga inataka herufi nene na paneli kubwa, na kanuni ya kutoziba njia inataka paneli ndogo. Kila moja inaandika ukubwa moja kwa moja, na inayoandika mwisho katika fremu ndiyo inayoshinda. Usiruhusu kanuni kuandika sifa za kipengele. Kila kanuni ipeleke pendekezo kwa mwamuzi mmoja, naye achague kwa daraja lililowekwa wazi: usalama kwanza, kusomeka pili, urahisi tatu. Kazi hii ni kubwa kwa programu iliyokwisha kuandikwa, ila ikifika kanuni nne au tano hakuna njia ya mkato.

Dalili ya 2: Kitufe kinakimbia, au kinabonyezwa bila kukusudia

Hili ndilo lalamiko linalowafanya watu waache kutumia programu, na wana haki. Mtu aliyebonyeza "Futa" kwa sababu "Hifadhi" imehama chini ya kidole chake hataiamini programu hiyo tena.

*Kiolesura kinabadilika mkono ukiwa njiani.* Mtu huona kitufe, huamua, kisha hupeleka mkono. Mkono huchukua sehemu ya sekunde kufika. Mpangilio ukibadilika ndani ya muda huo, mkono unafika mahali palipokuwa sahihi kabla. Kwa hiyo gandisha mabadiliko yote ya mahali na ukubwa mara ncha ya kidole inapokuwa chini ya sentimita 15 kutoka kwenye paneli, au mwale wa kielekezi unapotua juu yake. Achia milisekunde 400 baada ya mkono kuondoka. Rangi na mwanga vinaweza kuendelea kubadilika, ila mahali pasibadilike. Vitendo visivyorudishika, kama kufuta, viwe na mahali pa kudumu pasipoguswa na kanuni yoyote.

*Shabaha ni ndogo.* Pima kwa pembe ya kuona, kwa kuwa sentimita peke yake haisemi kitu bila umbali. Uzi 1 (digrii moja ya pembe) ni takribani milimita 17.5 kwa kila mita ya umbali. Kwa kugusa kwa kidole katika sentimita 45, kitufe kisipungue nyuzi 2, yaani milimita 16 kwa 16, na milimita 32 ni bora zaidi. Kwa mwale wa mkono katika mita 2, kima cha chini ni uzi 1, yaani sentimita 3.5. Kwa macho, hesabu inaanzia kwenye usahihi wa kifuatilia macho. Kikikosea kwa uzi mmoja, shabaha ya uzi 1 haiwezi kufanya kazi hata mtu akijitahidi vipi. Weka nyuzi 2 au zaidi, yaani sentimita 7 katika mita 2, na uache nafasi kati ya shabaha.

Kosa linalofanana na hili: kanuni inayopunguza paneli mtu akisogea karibu, ili ukubwa wa pembe ubaki uleule. Kwa kusoma ni sawa. Kwa kugusa, kitufe kinaweza kuwa kidogo kuliko ncha ya kidole. Wekea vitufe kikomo cha chini cha milimita halisi, tofauti na kikomo cha maandishi.

*Kutazama kunachukuliwa kuwa kuchagua.* Macho hutumika kutafuta, na yatapita juu ya vitufe vingi kabla ya kutulia. Kama kitufe kinajibonyeza baada ya kutazamwa milisekunde 300, kila anayesoma jina lake atakibonyeza. Acha macho yaelekeze na vidole vithibitishe kwa kubana. Ikiwa mtumiaji hawezi kutumia mikono, tumia muda wa kutazama wa milisekunde 800 hadi 1,000, onyesha duara linalojaa, na uruhusu kughairi kwa kuangalia pembeni.

*Macho yameshaondoka kabla vidole havijakutana.* Watumiaji wazoefu huhamisha macho kwenye shabaha inayofuata wakati vidole bado vinabana. Programu inasoma mahali pa macho kwenye tukio la kubana, na kitufe cha jirani kinabonyezwa. Hifadhi mielekeo ya macho ya milisekunde 300 zilizopita, na kubana kukitokea tumia shabaha ambayo macho yalitulia juu yake mara ya mwisho.

*Kidole kinapita kitufe na kurudi.* Hakuna kitu cha kukizuia hewani. Hesabu bonyezo pale tu ncha inapovuka uso kutoka mbele kwenda nyuma, puuza kuvuka kwa kurudi, na weka pumziko la milisekunde 200 kabla ya bonyezo jingine kukubaliwa.

Ikiwa mwelekeo wa macho unakosea kwa zaidi ya nyuzi 3 hata baada ya kusawazisha upya mara mbili, kwa watu tofauti, na lenzi ni safi, acha kugusa msimbo. Kamera au taa za ndani zinaweza kuwa zimeharibika, na kuzifungua bila vifaa vyake huondoa usahihi uliowekwa kiwandani. Kipeleke kifaa kwa fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji.

Dalili ya 3: Maandishi hayasomeki, yanameremeta au yana ukungu

Anza na ukubwa. Kima cha chini cha kusoma ni takribani nyuzi 0.4 kwa urefu wa herufi kubwa, sawa na milimita 7 kwa kila mita ya umbali: milimita 3.5 katika nusu mita, milimita 14 katika mita 2. Lakini kipimo hicho kinadhani skrini ni nzuri. Kwenye miwani yenye pikseli 20 kwa kila uzi, herufi ya nyuzi 0.4 inapata pikseli 8 tu, na herufi kama "m" na "n" zinaanza kufanana. Kwa vifaa vya namna hiyo ongeza maradufu, milimita 14 kwa mita. Kanuni ya ukubwa ichukue msongamano wa pikseli wa kifaa kama ingizo. Usiiandikie thamani moja kwa vifaa vyote.

Kama ukubwa unatosha na maandishi bado yanameremeta kichwa kikisogea, angalia aina ya fonti. Maandishi yaliyochorwa kama picha ya kawaida huvunjika yakikuzwa. Tumia fonti za umbali wenye ishara (SDF, zinazohifadhi umbali hadi ukingo wa herufi badala ya picha yake), ambazo ndizo TextMeshPro hutumia ndani ya Unity, injini ya kutengenezea programu hizi, washa ulainishaji wa kingo wa 4x, na wezesha mipmapu (nakala ndogo za picha zilizoandaliwa mapema) kwa alama na ikoni. Epuka fonti zenye mistari myembamba. Uzito wa kati ndio unaobaki imara.

Ukungu ukiwa pembeni tu mwa skrini, kagua uchoraji unaopunguza ubora kingoni ili kuokoa nguvu ya kichakataji. Kanuni inayosogeza paneli pembeni ili isizibe kazi huku mfumo ukiwa umeweka kiwango cha juu cha upunguzaji huo itazalisha maandishi yasiyosomeka, ingawa kila upande peke yake uko sahihi. Shusha kiwango, au peleka paneli ya kusoma kwenye tabaka la mtungaji, ambalo OpenXR (kiwango cha pamoja cha programu za VR na AR) hulichora nje ya picha kuu kwa ubora wake kamili. Kwa aya ndefu, hili la pili ndilo suluhisho zuri kuliko yote.

Kwenye miwani ya uhalisia ulioongezwa yenye kioo cha kupitisha mwanga kuna tatizo la aina yake. Skrini hiyo huongeza mwanga juu ya unaotoka nje na haiwezi kuuondoa, hivyo rangi nyeusi huwa wazi kabisa. Paneli ya kijivu cheusi iliyopendeza ofisini itatoweka nje. Ofisi yenye mwanga wa kutosha ina luksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500, na jua la moja kwa moja laweza kufika 100,000. Kwa pengo la namna hiyo, vizingiti vya mwanga vipangwe kwa kipimo cha logarithimu, ambapo kila hatua ni mara kadhaa ya iliyotangulia, na mabadiliko yasambazwe kwa sekunde 2 hadi 3 ili kivuli cha mtu anayepita kisiwashe kanuni. Jua likizidi, kuongeza mwangaza hakutatosha: punguza maneno, kuza herufi, na ruhusu paneli ihamie mbele ya sehemu yenye giza.

Programu inayotumia ARKit (zana za AR za Apple) na ARCore (za Google) kwa pamoja ina mtego mmoja hapa. Makadirio ya mwanga ya ARKit huchukulia 1,000 kuwa hali ya kawaida, wakati ukali wa pikseli wa ARCore huenda kutoka 0 hadi 1. Msimbo unaolinganisha zote mbili na kizingiti kimoja utadhani simu za upande mmoja ziko gizani daima. Badilisha thamani ziwe za kipimo chako mwenyewe kabla hazijafika kwenye kanuni.

Doa linalobaki palepale kwenye skrini, hata kwenye menyu ya mfumo, si kosa la programu. Miwani ikiachwa dirishani, lenzi hukusanya mwanga wa jua na mwanga huo huichoma skrini. Hakuna marekebisho ya msimbo yatakayoliondoa.

Dalili ya 4: Menyu inayomfuata mtu inaleta kichefuchefu au kero

Kisababishi kikuu ni menyu iliyofungwa kichwani, inayosogea kwa kila mwendo wa shingo. Mtu hawezi kuiangalia pembeni kwani nayo inakimbia kwa kasi ileile. Ipe eneo la utulivu: kichwa kigeuke nyuzi 15 hadi 20 kila upande bila menyu kusogea. Kikivuka hapo, menyu ifuate kama inayovutwa na springi iliyodhibitiwa, isiyoruka mbele na kurudi, na itulie ndani ya nusu sekunde hadi sekunde moja. Ifuate mzunguko wa kushoto na kulia tu. Usiinamishe pamoja na kichwa, maana mlalo wa paneli ndio rejea ya usawa aliyo nayo mtu.

Kisababishi cha pili ni ukubwa wa kinachosogea. Paneli inayojaza sehemu kubwa ya upeo wa macho ikisogea, ubongo huona kwamba mwili ndio unaosogea. Paneli kubwa ififie mahali pa zamani na ijitokeze mahali papya kwa milisekunde 200 kila upande, bila kusafiri katikati.

Tatu ni kimo. Shingo huchoka upesi ikitazama juu. Usiweke kitu cha kutumia mara kwa mara zaidi ya nyuzi 10 juu ya usawa wa macho, na usilazimishe kugeuka zaidi ya nyuzi 45 kwenda pembeni. Kitovu cha paneli kikiwa nyuzi 10 hadi 15 chini ya usawa wa macho, watu wengi hustarehe.

Mwisho kagua ucheleweshaji wote kutoka mwendo hadi picha. Ukizidi milisekunde 20, kichefuchefu kinaweza kutokea hata menyu ikiwa imesimama, na hapo dalili ya 6 ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Anayejisikia vibaya avue miwani papo hapo. Kujilazimisha ili kuzoea huzidisha hali, na mtu huyo asiendeshe gari wala mashine hadi kizunguzungu kiishe kabisa.

Dalili ya 5: Macho yanauma, kichwa kinauma, vitu vinaonekana viwiliviwili

Ukaguzi wa kwanza ni rahisi mno na husahaulika: funga jicho la kushoto, kisha la kulia. Kipengele kikionekana kwa jicho moja tu, sheda yake (msimbo mdogo unaoamua jinsi kinavyochorwa) haijaandikwa kwa uchoraji wa macho mawili kwa mpigo mmoja. Hutokea sana kwa sheda zilizonakiliwa kutoka mradi wa skrini ya kawaida, na mara nyingi kipengele kilichoathirika ni kile kinachojitokeza tu kanuni fulani ikiwaka, ndiyo maana majaribio ya kawaida hayakukikuta.

Sheda zikiwa sawa, angalia umbali. Lenzi za vifaa vingi hulenga umbali mmoja usiobadilika. Kwa HoloLens, miwani ya AR ya Microsoft, ni takribani mita 2. Macho yakigeuka kukutana kwenye kitu kilicho sentimita 30, lenzi ya jicho bado inalazimika kulenga mita 2, na mgongano huo ndio unaochosha. Weka usomaji wa muda mrefu kati ya mita 1.25 na 5. Kinachosogea karibu kuliko sentimita 40 kianze kufifia, na kwenye sentimita 30 kisichorwe kabisa. Kanuni inayoivuta paneli karibu ili isomeke ni kosa la muundo: ikuze palepale ilipo.

Kisha tafuta mgongano wa kina. Paneli iliyo mita 2 lakini ikachorwa juu ya ukuta ulio mita 1.5 inaambia macho mambo mawili yanayopingana, na mtu anaona viwili. Isogeze mbele ya ukuta, au ukuta ufifie hapo ilipo.

Mabadiliko ya kumweka, yaani kuwaka na kuzimika upesi, nayo yadhibitiwe kwa ukali. Kitu kisiwake na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na kumbuka kwamba kanuni inayoyumba kama ilivyoelezwa kwenye dalili ya 1 inaweza kuzalisha kumweka ambako hakuna aliyekuandika. Weka kikomo kwenye mwamuzi: kipengele kimoja kisibadilishe hali zaidi ya mara moja kwa sekunde.

Acha majaribio na umwone daktari ikiwa kuona viwili au maumivu makali ya kichwa yanaendelea baada ya kuvua miwani, au mtu amepoteza fahamu, ameganda au ametetemeka mwili. Mwenye historia ya kifafa asitumike kama mjaribu bila ushauri wa daktari wake.

Dalili ya 6: Picha inakwama kila kiolesura kinapojirekebisha

Bajeti ya fremu ni milisekunde 13.9 kwa Hz 72, 11.1 kwa Hz 90, na 8.3 kwa Hz 120. Mpangilio mpya ukigharimu milisekunde 6 za ziada, fremu inapotea. Tazama profaila (zana inayopima muda wa kila kazi) kwenye fremu ileile ya mabadiliko. Wastani wa sekunde nzima utalificha tatizo.

Katika Unity, mara nyingi mkosaji ni Canvas (turubai inayobeba vipengele vya kiolesura) moja iliyobeba kila kitu. Kipengele kimoja kikibadilika, Canvas nzima inajengwa upya. Tenganisha vinavyobadilika na visivyobadilika, ondoa vikundi vya mpangilio vilivyopachikwa ndani ya vingine, na ficha paneli kwa kuzima kijenzi cha Canvas badala ya kuzima kitu kizima. Kinachofuata ni vipengele vinavyoundwa wakati huohuo vinapohitajika: viunde mwanzoni, vikae tayari. Sheda zinazotumika mara ya kwanza katikati ya kazi nazo hukwamisha picha mara moja kisha tatizo lisirudi, jambo linalowachanganya wanaojaribu kulirudia. Zipashe moto wakati wa kupakia.

Dalili ya 7: Vipengele vinateleza au vinaruka kutoka kwenye kitu vilichobandikwa

Kuta tupu, meza zinazong'aa na vioo havina alama za kutosha kwa kamera kushika. Elekeza kifaa kwenye sehemu yenye michoro mingi; kuteleza kukiisha, umepata jibu. Usibandike kipengele zaidi ya mita 3 kutoka kwenye nanga yake, kwa sababu kosa dogo la pembe hukua kwa umbali. Kuruka kwa ghafla hutokana na mfumo kuunganisha nyuso bapa mbili kuwa moja: lainisha mahali papya kwa milisekunde 300 badala ya kuhamia hapo kwa fremu moja.

Hali ya ufuatiliaji ikiripotiwa kuwa pungufu, kanuni zote za umbali na mahali zisimame. Ishara zake si za kuaminika wakati huo, na kujirekebisha kwa kuzifuata huongeza fujo. Ikiwa kipengele kinamwongoza mtu kwenye umeme, mashine inayozunguka au mwili wa mgonjwa, kuteleza kwa sentimita 2 ni hatari. Kazi hiyo isiendelee bila mtaalamu wa usalama wa eneo hilo kupima na kuidhinisha.

Dalili ya 8: Kwa baadhi ya watu inafanya kazi, kwa wengine haifanyi

Usianze kwa kumlaumu mtumiaji. Kwa kawaida kanuni imejengwa juu ya mwili mmoja: mtu aliyesimama, anayetumia mkono wa kulia, asiyevaa miwani ya macho.

Menyu iliyowekwa mita 1.5 kutoka sakafuni humshinda aliyeketi, akiwemo anayetumia kiti cha magurudumu. Pima kutoka kwenye kimo cha kichwa baada ya kutulia sekunde 2, na upime tena akibadilisha mkao. Ufikiaji wa mkono nao upimwe: mwombe mtumiaji anyooshe mkono mara moja mwanzoni, kisha vitufe vya kugusa vikae ndani ya asilimia 80 ya urefu huo. Menyu ya kiganjani lazima ikubali mikono yote miwili.

Mwanga hafifu, glavu na mikono inayozibana hufanya kamera zipoteze vidole. Kiolesura kikigundua uhakika wa ufuatiliaji umeshuka, kisibadilishe ghafla namna ya kuingiza. Kionyeshe njia ya pili, sauti au kidhibiti cha mkononi, kando ya ile ya kwanza, na kimwache mtumiaji achague. Chaguo lake lidumu hadi alibadilishe mwenyewe.

Miwani ya macho huakisi taa za kifuatilia macho. Sawazisha upya mtu akiwa ameivaa. Mwenye makengeza anaweza kuhitaji kifuatilia macho kisome jicho moja tu, kama mfumo unaruhusu. Asiyeona kina kwa macho mawili hatatofautisha paneli za mbele na za nyuma kwa umbali pekee, hivyo ongeza kivuli, ukubwa na mpaka.

Ili kurekebisha haya utashawishika kuhifadhi rekodi za macho na mwendo za kila mtu. Chakata data hiyo ndani ya kifaa, hifadhi matokeo tu, kama vile "aliyeketi" au "mkono wa kushoto", na ufute mielekeo ghafi kikao kinapoisha. Mwendo wa macho unaweza kudokeza ugonjwa na hata kumtambulisha mtu. Kama unahitaji kuutoa nje ya kifaa kwa sababu yoyote, mwanasheria wa ulinzi wa data aone mpango huo kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo wa kuutuma kuandikwa.